Jinsi ya kuchunguza galaksi za mbali zilizofunikwa na vumbi kwa mawimbi ya submilimita

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia, au mpenzi wa falaki mwenye hesabu za kutosha, anayetaka kufanya kazi halisi kwa data halisi. Darubini huhitaji. Unahitaji kompyuta, lugha ya Python pamoja na maktaba ya astropy, na intaneti ya kupakulia mafaili ya FITS (muundo wa kuhifadhia picha na data za falaki). Ukitaka kuchakata mwenyewe data ghafi za intaferomita (antena nyingi zinazofanya kazi kama darubini moja), ongeza programu ya CASA. Hiyo nayo ni ya bure, ila hula nafasi kubwa kwenye diski na ina mengi ya kujifunza, kwa hiyo usianze nayo.

Katika kazi hii mpangilio wa maswali ni nusu ya jibu. Wengi hukimbilia kuuliza galaksi inazaa nyota ngapi kwa mwaka, kabla hawajajua ni galaksi ipi, iko mbali kiasi gani, na vumbi lake lina joto gani. Kosa la swali la kwanza hurithiwa na yote yanayofuata. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina zamu, na kuruka moja ni kuzibomoa zilizobaki.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini unatumia mawimbi ya submilimita (yenye urefu usiofika milimita moja)

Nyota kubwa huzaliwa ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi. Vumbi hilo hunyonya mwanga wa urujuanimno wa nyota changa, hupata joto la kelvini 30 hadi 40 hivi, kisha huitoa nishati ile ile kama infraredi ya mbali. Ni moto uliofunikwa na majivu: miali huioni, lakini joto linakufikia. Setilaiti ya IRAS ya mwaka 1983 ilionyesha kuwa hata jirani zetu wamo wa namna hiyo, Arp 220 ikiwa mfano unaotajwa zaidi. Mwaka 1996 vipimo vya setilaiti ya COBE vilibainisha mng'aro wa infraredi ulioenea anga nzima, na hesabu zikaonyesha kwamba karibu nusu ya mwanga wote wa nyota katika historia ya ulimwengu umepitia kwenye vumbi kabla ya kutufikia. Swali likawa: galaksi zilizoutoa mwanga huo ziko wapi? Mwaka 1997 kamera ya SCUBA, iliyofungwa kwenye darubini ya James Clerk Maxwell yenye sahani ya mita 15 kule Mauna Kea, Hawaii, ilianza kuziona.

Sasa jambo la ajabu, na ndilo linaloufanya uwanja huu uwezekane. Kwa kawaida kitu kikienda mbali hufifia. Galaksi ya vumbi hung'aa zaidi karibu na mikromita 100 ya mawimbi yake yenyewe, na mng'aro hushuka haraka kadiri mawimbi yanavyorefuka. Ulimwengu unapotanuka, mawimbi ya mwanga huvutika kwa kipimo cha 1+z, ambapo z ni mhamo mwekundu, unaokuwa mkubwa kadiri galaksi ilivyo mbali. Ukipima kwa mikromita 850, galaksi yenye z ya 2.5 unaipima pale ilipotoa mikromita 243, na yenye z ya 6 unaipima pale ilipotoa mikromita 121, yaani karibu na kilele chake. Umbali unapunguza, mhamo unaongeza, na viwili hivyo karibu vinafutana. Matokeo yake ni kwamba kuanzia z ya 1 hadi karibu 8, galaksi ile ile ingeonekana na mng'aro unaokaribiana kwenye mikromita 850.

Faida hiyo ina bei yake: mng'aro peke yake haukuambii lolote kuhusu umbali. Kumbuka hilo utakapofika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Chagua ramani

Mvuke wa maji hewani humeza mawimbi ya submilimita, ndiyo sababu darubini hizi hujengwa mahali pakavu na pa juu. Ya Mauna Kea iko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Intaferomita ya ALMA iko kwenye uwanda wa Chajnantor katika jangwa la Atacama, Chile, kwenye mita 5,000 hivi. South Pole Telescope iko kwenye barafu ya Ncha ya Kusini. Hata huko ni madirisha machache tu yaliyo wazi. Dirisha la mikromita 850 hustahimili usiku wa wastani, lakini la 450 linataka hewa kavu kwelikweli. Ukikuta ramani ya 450 yenye kelele nyingi kuliko ya 850 ya eneo lile lile, usidhani mtu aliharibu kazi.

Kwa anayeanza napendekeza ramani za SCUBA-2, kamera iliyoifuata SCUBA, za mradi wa Cosmology Legacy Survey, zilizotolewa hadharani mwaka 2017. Zinafunika nyuzi za mraba 5 hivi kwenye mikromita 850 na zina vyanzo karibu 2,850. Ziko katika maeneo ya anga ambayo darubini nyingine zimeshayapitia mara nyingi, na hilo ni muhimu kuliko ukubwa wa ramani. Ramani nzuri mahali ambapo hakuna data nyingine itakukwamisha hatua ya 3.

Ongeza data za setilaiti ya Herschel, iliyofanya kazi kati ya 2009 na 2013 kwa kioo cha mita 3.5. Kamera yake ya SPIRE ilipima mikromita 250, 350 na 500, sehemu ambayo kilele cha galaksi nyingi hizi huangukia.

Pakua faili mbili kwa kila eneo: ramani ya mng'aro na ramani ya kelele. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate ramani ya uwiano wa ishara kwa kelele. Chukua madoa yaliyozidi kizingiti chako. Mradi wenyewe ulitumia 3.5, na waliukiri wazi udhaifu wake: kwenye kizingiti hicho karibu doa 1 kati ya 5 ni la uongo. Ukipandisha hadi 5 yale ya uongo karibu yote hutoweka, lakini unapoteza pia galaksi nyingi za kweli. Kwa zoezi la kwanza anza na 5.

Kuna jaribio moja rahisi la uaminifu. Zidisha ramani kwa −1, kisha tafuta madoa tena kwa kizingiti kile kile. Hakuna galaksi yenye mng'aro hasi, hivyo idadi utakayopata ni kipimo cha uongo wa kelele. Tahadhari moja: uchujaji unaofanywa kwenye ramani hizi huacha pete hasi kuzunguka vyanzo ving'avu, na pete hizo zikigeuzwa huonekana kama vyanzo. Ziondoe kwanza.

Kisha rekebisha mng'aro. Vyanzo hafifu ni vingi mno kuliko ving'avu, kwa hiyo kinachovuka kizingiti mara nyingi ni kile ambacho kelele imekisukuma juu. Chanzo cha 3.5 huwa kimeongezewa pakubwa, cha 10 karibu hakijaguswa. Katalogi nyingi hutoa safu mbili, ya mng'aro uliopimwa na ya uliorekebishwa. Tumia ya pili. Ukikuta makala iliyotumia ya kwanza bila kueleza, isome kwa jicho kali.

Hatua ya 3: Tafuta ni galaksi ipi

Hapa ndipo watu huchoka, na hapa ndipo kazi inapotengenezeka au kuharibika.

Darubini ya mita 15 kwenye mikromita 850 huona kila chanzo kama doa lenye upana wa sekunde za tao 14.5 (nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600). Ndani ya mduara huo, picha ya kina ya darubini ya mwanga wa kawaida inaweza kuonyesha galaksi kadhaa, na ile unayoitafuta huenda isiwe hata mojawapo, kwa sababu vumbi limeizima.

HDF 850.1 ni mfano wa kutosha. Ndicho chanzo king'avu kuliko vyote katika uchunguzi wa SCUBA wa mwaka 1998 kwenye Hubble Deep Field, kipande cha anga kilichopigwa picha kwa kina kisicho na mfano wakati ule. Pamoja na hayo, hakuna aliyeweza kuionyesha kwa kidole katika picha ya Hubble. Mbele yake kuna galaksi nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na yenyewe imezama katika vumbi lake. Umbali wake ulipatikana mwaka 2012 tu, kwa intaferomita ya IRAM katika Alpi za Ufaransa iliyonasa mistari ya gesi (mwanga ambao gesi hutoa kwenye masafa yake maalumu): z yake ni 5.183. Waliokuwa wamekisia kwa kuchagua galaksi ya karibu zaidi katika picha walikuwa wanapima kitu kingine kabisa.

Fanya hivi. Kwanza kokotoa duara la kosa: mkengeuko wa mahali ni takriban 0.6 × upana wa doa ÷ uwiano wa ishara kwa kelele. Kwa uwiano wa 4 unapata sekunde za tao 2.2 hivi. Tafuta ndani ya mara tatu ya hiyo.

Kisha kokotoa uwezekano wa sadfa, p = 1 − exp(−π n r²), ambapo n ni msongamano wa vyanzo katika picha unayolinganisha nayo na r ni umbali kutoka katikati ya doa. Chukulia umepata kitu sekunde za tao 3 kutoka katikati. Kama ni kwenye ramani ya redio yenye chanzo 1 kwa kila dakika ya tao ya mraba, p ni chini ya asilimia 1, na una sababu ya kuamini. Kama ni kwenye picha ya kina yenye galaksi 100 kwa eneo hilo hilo, p inapita asilimia 50: umeokota chochote kilichokuwa njiani. Desturi ni kukubali p iliyo chini ya 0.05.

Redio inafaa kwa sababu galaksi zinazozaa nyota kwa wingi hulipua supanova nyingi, na elektroni zinazorushwa humo hung'aa kwenye redio kwa kiasi kinachoendana na infraredi. Kwa njia hiyo, kwa kutumia antena za redio za VLA kisha spektra za darubini ya Keck, ndivyo umbali wa kundi kubwa la kwanza la galaksi hizi ulivyopatikana mwaka 2003 na 2005. Lakini redio haina ile faida ya hatua ya 1. Inafifia na umbali kama kawaida. Ukiitegemea peke yake utazikosa za mbali, halafu utahitimisha kwamba za mbali hazipo.

Dawa ya kweli ni ALMA: antena 66 zinazofanya kazi kama darubini moja, zilizozinduliwa rasmi Machi 2013, zenye uwezo wa kutenganisha vitu vilivyo chini ya sekunde moja ya tao. Kabla hujakata tamaa na duara lako, ingiza viwianishi vyake katika hifadhi ya data ya ALMA. Data nyingi huwa wazi kwa kila mtu mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa kwa walioziomba, na chanzo chako kinaweza kuwa kimeshapimwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Kumbuka tu kwamba uwanja wa kuona wa ALMA kwenye mikromita 870 ni sekunde za tao 17 hivi, na kadiri unavyotoka katikati ndivyo usikivu unavyopungua. Tumia picha iliyosahihishwa kwa hilo unapopima mng'aro, na ile isiyosahihishwa unapotafuta vyanzo.

Jiandae kukuta zaidi ya kimoja. ALMA ilipopitia vyanzo 126 vilivyokuwa vimeonekana na darubini ya APEX kwa mikromita 870, kati ya theluthi moja na nusu yake viligeuka kuwa galaksi mbili au zaidi zilizochanganywa na doa pana. Vile vilivyodhaniwa kuwa majitu kuliko vyote ndivyo vilivyoathirika zaidi. Galaksi mbili ndani ya doa moja si lazima ziwe jirani. Moja inaweza kuwa nyuma ya nyingine kwa mabilioni ya miaka ya mwanga.

Hatua ya 4: Pata umbali

Rangi za Herschel zitakupa makisio. Kilele kikiwa kwenye 250, galaksi huenda ni ya karibu kiasi. Mng'aro ukiendelea kupanda hadi 500, huenda iko mbali sana. Narudia neno huenda kwa sababu kilele kinategemea joto na umbali kwa pamoja. Vumbi la kelvini 35 kwenye z ya 2.5 linaonekana kwetu kama kelvini 10, yaani 35 ÷ 3.5. Vumbi la kelvini 50 kwenye z ya 4 nalo linaonekana kama kelvini 10. Rangi haiwezi kuzitenganisha hizo mbili, hata ukiwa na data safi namna gani.

Unahitaji mistari ya gesi. Kaboni monoksidi hutoa mistari kwenye vizidisho vya karibu gigahezi 115.27, kwa hiyo kila galaksi yenye gesi ina ngazi ya mistari iliyopangwa kwa hatua zinazokaribiana kabisa.

Tuseme umepata mstari mmoja kwenye gigahezi 98.8. Ni upi? Kama ni wa tatu katika ngazi (345.80), basi 1+z ni 3.50 na z ni 2.50. Kama ni wa nne (461.04), z ni 3.67. Kama ni wa tano (576.27), z ni 4.83. Yote matatu yanawezekana, na kuchagua linalopendeza si sayansi. Badala yake uliza kila dhana inatabiri nini kingine. Dhana ya 2.50 inataka mstari wa nne uonekane kwenye gigahezi 131.7. Dhana ya 3.67 inataka wa tano kwenye 123.5, pamoja na mstari wa kaboni ya atomu (492.16) kwenye 105.5. Dhana ya 4.83 inataka wa sita kwenye 118.6. Angalia hapo, mstari wa pili ukiwepo, umemaliza. Andika programu fupi ya kukokotoa jedwali hili, utaitumia kila wiki.

Kwa galaksi za mbali sana, mstari wa kaboni iliyopoteza elektroni moja, wenye mikromita 157.7, ni mng'avu kuliko kaboni monoksidi na mara nyingi hupatikana kwa muda mfupi.

Usiamini mstari mmoja hafifu. Spektra pana ina chaneli nyingi, na kelele ikipewa nafasi nyingi itatunga kilele kizuri kabisa.

Hatua ya 5: Kagua kama kuna lenzi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Galaksi au kundi la galaksi lililo mbele linaweza kuukuza mwanga kwa graviti yake, mara kadhaa na hata zaidi ya mara kumi. Vyanzo vya Herschel vinavyozidi milijansky 100 (milijansky ni kipimo cha mng'aro) kwenye mikromita 500, ukishatoa galaksi za karibu na vyanzo vya redio vinavyojulikana, karibu vyote ni vya namna hii. SDP.81 ndiyo maarufu: ALMA iliipiga picha mwaka 2014 na kuonyesha pete karibu kamili, galaksi yenye z ya 3.04 iliyopindwa na nyingine yenye z ya 0.3. Ukiona katika picha ya mwanga wa kawaida galaksi nyekundu iliyotulia juu kabisa ya chanzo chako, na z yake ni ndogo kuliko ile uliyoipata kwa gesi, hiyo ni lenzi. Gawanya mng'aro kwa kipimo cha ukuzaji, na kosa la kipimo hicho lifuate hadi mwisho wa hesabu.

Hatua ya 6: Kokotoa vumbi na uzazi wa nyota

Sasa ndiyo zamu yake. Kanuni ya masi ya vumbi ni hii:

M = S × D² ÷ [(1+z) × κ × B(T)]

S ni mng'aro, D ni umbali wa mwanga (luminosity distance) ambao astropy itakukokotolea, κ ni uwezo wa vumbi kutoa mnururisho, na B ni kanuni ya Planck kwenye masafa ya galaksi yenyewe, si ya kwako. Kwa κ wengi hutumia mita za mraba 0.077 kwa kilo kwenye mikromita 850, inayokua kwa masafa yakipandishwa kwenye kipeo β cha 1.8 hadi 2.

Chukua galaksi ya milijansky 5 kwenye mikromita 850, z ya 2.5, β ya 1.8. Ukiweka kelvini 35 unapata vumbi la masi za Jua milioni 630 hivi na nguvu ya mwanga ya infraredi mara trilioni 4 ya Jua. Kwa kigeuzi cha kawaida, nguvu ya Jua trilioni 1 ni sawa na masi 100 za Jua zinazogeuka nyota kila mwaka, hivyo galaksi hii inazaa masi 400 hivi. Njia Nyeupe yetu inazaa kati ya 1 na 2.

Sasa badilisha joto tu. Kelvini 25: vumbi linapanda hadi masi bilioni 1.4, na uzazi unashuka hadi 130. Kelvini 45: vumbi linashuka hadi milioni 390, na uzazi unaruka hadi kupita 1,000. Mng'aro ni ule ule, umbali ni ule ule, na bado jibu limetofautiana mara nane. Kosa la mizani ya darubini, ambalo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10, halina uzito mbele ya hilo. Ndiyo maana galaksi yenye kipimo kimoja tu cha 850 haistahili kuandikiwa kasi ya uzazi yenye tarakimu tatu. Tafuta angalau vipimo viwili zaidi, kimoja kikiwa upande wa mawimbi mafupi ya kilele, uache joto liamuliwe na data.

Kwa z kubwa ongeza jambo moja: mnururisho wa asili wa ulimwengu, ambao leo ni kelvini 2.725, ulikuwa na joto zaidi kwa kipimo cha 1+z. Kwenye z ya 5 ulikuwa kelvini 16.4. Vumbi halikuweza kuwa baridi kuliko hapo, na sisi tunaona tofauti tu kati ya vumbi na mandhari hayo, hivyo kwa vumbi baridi sehemu ya mng'aro hupotea. Kwa kelvini 35 na z ya 2.5 athari ni ndogo. Kwa kelvini 25 na z ya 5 huwezi kuipuuza.

Unapoandika matokeo, weka joto ulilotumia, β, κ na ukuzaji wa lenzi kwenye mstari ule ule wa jedwali uliobeba kasi ya uzazi. Atakayekuja na kipimo kipya cha mikromita 250 ataweza kulisahihisha jibu lako bila kuanza upya.

Hatua ya 7: Data za hifadhi zikikuishia, omba muda wa darubini

ALMA hupokea maombi mara moja kwa mwaka, na wakaguzi huyasoma bila kuona majina ya waombaji, kwa hiyo kinachopimwa ni hoja. Omba kipimo kimoja kinachotenganisha dhana mbili, kama ule mstari wa gigahezi 131.7, badala ya uchunguzi wa jumla. Na kumbuka kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda: kuipunguza nusu kunagharimu muda mara nne, kwa hiyo kadiria mng'aro wa mstari unaoutafuta kabla ya kuandika idadi ya saa.